Diski Iliyolilia Jina

Faith ndiye aliyegundua. Mtoto wa miaka sita, kufunga kamba za viatu hajui, lakini video ya harusi ya mama yake aliijua nje ndani: wapi shangazi anajikwaa, wapi keki inaingia, wapi mama anamgeukia baba na kumnong'oneza, "Simama vizuri, tunachekwa." Kila siku akitoka shule, saa saba mchana, huvua sare, hukaa mkekani mbele ya televisheni na kuitazama. Siku hiyo akaita bila kugeuza kichwa.

"Baba, hapa pameongezwa."

"Pameongezwa nini?"

"Sijui. Zamani saa hizi keki ilikuwa imeshafika."

Emilian alikuwa mezani akiunga waya wa kamera ya mteja, akaitikia mm-mm kama wazazi wanavyoitikia. Ila alipopita nyuma ya mtoto kwenda kunywa maji, jicho likamwangukia kwenye namba za pembeni. Video ile ilikuwa ya saa mbili na dakika nne. Aliihariri kwa mikono yake, ungemwamsha usingizini angekutajia. Sasa ilisoma saa mbili na dakika kumi na tano.

Huyu Emilian usimwone mjinga, mjinga hakuwa. Alikuwa fundi wa kompyuta na mpiga video pale Mandewa, Mnyaturu aliyezaliwa Unyambwa, mtu wa kazi, mwenye kasoro moja tu: utani haukumwisha mdomoni. Mkewe Damari alifariki mwaka juzi kwa homa ya siku nne. Simu ya marehemu iliibwa msibani, maana kuna watu hawana haya hata kidogo. Basi kilichobaki cha Damari, sura yake ikitembea na sauti yake ikicheka, chote kilikuwa ndani ya sanduku moja la kompyuta chini ya meza ya sebuleni.

Sanduku lilikuwa na diski tano. Emilian alizipanga mwenyewe, akatengeneza folda za kushea, moja ya Harusi za wateja, moja ya Misiba, moja ya Nyumbani, hata televisheni ikawa inazifungua bila waya. Wateja aliwahimiza kila siku waweke nakala sehemu mbili. Yeye mwenyewe hakuweka pengine popote, akaiegemea pariti.

"Ni hivi, mama," alimweleza siku moja mama yake, Bibi Felista, aliyekuwa akiishi nao. "Diski nne zinabeba video. Ya tano inabeba jumla tu, ndiyo hiyo pariti. Kama wewe una watoto wanne na unajua jumla ya miaka yao, ukimsahau mmoja, si unatoa ya waliobaki unapata ya kwake? Basi diski moja ikifa, hizi nyingine zinakaa zinapiga hesabu, zinamrudisha aliyekufa vilevile alivyokuwa."

"Kwa hiyo hiyo ya tano yenyewe haina kitu ndani."

"Haina kitu chake. Ina hesabu ya wenzake."

"Basi mimi sikai karibu nayo," mama akasema, na siku hiyo walicheka wote wawili.

Sasa, wiki mbili kabla ya Faith kusema neno lake, diski ya tatu ilikufa, na hiyo ndiyo iliyobeba Nyumbani. Emilian hakuhangaika. Akanunua nyingine ya mtumba, akaichomeka, akaiagiza mashine ijenge upya kilichopotea. Kazi ikaenda vizuri mpaka saa saba mchana, jua limesimama utosini, ikakwama na kuanza kulia. Ulikuwa mlio mwembamba, mrefu, usiovuta pumzi. Akazima kengele ya mashine, ikalia. Akaondoa kabisa waya wa spika, ikaendelea kulia.

Bibi Felista alikuwa mlangoni anachambua mlenda. Akasema, "Hicho kinalilia jina."

Katika ukoo wao, kichanga akilia siku nzima bila ugonjwa, wazee humwekea mkono utosini na kumwitia majina ya marehemu, mmoja baada ya mwingine. Jina likimpata mwenyewe, mtoto hunyamaza. Mama aliyasema hayo kwa kuzoea tu. Lakini mwanawe, na ule mdomo wake, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya bati la sanduku na kuanza kuita. Akamwita marehemu baba yake. Akamwita babu. Akaita wajomba, akaita shangazi aliyekufa Misigiri, mashine inalia tu. Alipoishiwa marehemu akaokota jina lililomjia ulimini: "Haya, basi wewe ni Alute."

Mashine ikanyamaza.

Emilian akacheka mpaka akakaa chini. Mama yake hakucheka. "Alute ni wa nani?"

"Si wa mtu, mama. Nimelitunga."

"Kwetu hatujawahi kuwa na Alute."

"Sasa tunaye," akasema, na kwenye orodha ya diski akaiandikia hiyo mpya jina hilo. Kazi ikamalizika kabla ya jioni. Mashine iliripoti makosa sifuri, na Emilian akaenda kuoga kwa amani.

Hayo ndiyo yaliyompitia kichwani alipoziona zile dakika kumi na moja. Akamtuma Faith kwa bibi, akakaa mkekani peke yake, akarudisha nyuma. Rafiki yake Philipo ndiye aliyeshika kamera siku ya harusi, na kamera ya Philipo haikutulia hata mara moja, Emilian alimtania miaka mingi kwa hilo. Sasa ilikuwa imetulia. Ilitazama mlango wa ukumbi. Mlangoni alisimama mwanamume, ameupa ukumbi mgongo, suti yake imelowa mabegani. Wageni walipita wakamkwepa bila kumtazama. Dakika kumi na moja hakutikisika, ndipo keki ikaingia, na harusi ikaendelea kama anavyoijua. Sebuleni kukanuka tope la ziwa, lile lenye magadi ambalo harufu yake upepo huileta mjini wakati wa kiangazi, isipokuwa siku hiyo upepo haukuwepo.

Kesho yake folda ya nne ilitokea kwenye televisheni. Iliitwa Alute. Emilian hakuitengeneza. Aliifuta, ikarudi, akaifuta tena na kuikagua pariti nzima, mashine ikasema kila kitu kiko sawa, makosa sifuri, na folda imerudi, na nafasi kwenye diski inapungua kama kuna mtu humo ndani anayehamia na mizigo yake. Alipofungua video ya harusi, yule mtu alikuwa ameshaingia ukumbini. Alisimama nyuma ya Damari. Uso wake haukuwa mbaya, na hilo ndilo lililomtia Emilian baridi: ulikuwa uso wa ndugu, wenye paji la ukoo wao. Naye Emilian, bwana harusi mwenyewe, alikuwa amesogea hatua moja kushoto, mkono wake mmoja nje ya picha.

Siku ya tatu hakutaka kutazama, akatazama. Akangoja ile sehemu yake, sehemu aliyoirudia usiku na mchana tangu kumzika mkewe, na Damari akageuka, shela likamtelezea begani, macho yakacheka, akanong'ona, "Simama vizuri, tunachekwa." Alimwambia yule mtu. Emilian hakuonekana popote. Akalia pale mkekani kama mtoto, kwa wivu na kwa uchungu, akikionea wivu kitu asichokijua juu ya mke aliyekwisha kufa.

Ndipo akaivuta ile diski ya tatu nje, ingali inazunguka, akaishika mkononi ina joto la mwili, akatazama televisheni, na folda ya Alute ilikuwa palepale, na akajiambia ni sawa, ndivyo pariti ifanyavyo kazi, waliobaki wanapiga hesabu ya asiyekuwepo. Basi akaivuta na ya tano, ile ya jumla, akijua kwa akili zake zote za ufundi kwamba mbili zikitoka hesabu haiwezekani tena, hakuna fundi wala mashine ya kuipata, na akainua kichwa taratibu, na folda ilikuwa palepale, na ndani yake video ilikuwa inacheza, na yule mwanamume alikuwa ameacha kumtazama Damari, anamtazama yeye.

"Mama," akaita kwa sauti ndogo. "Mama, njoo. Usimlete Faith."

Wao ni Wakatoliki, lakini Bibi Felista hakuwaza mara mbili. "Padri tutamwona Jumapili," alinong'ona. "Sasa hivi twende kwa Amne."

Bi Amne aliishi Unyambwa, akikamua mafuta ya alizeti, na watu wa dini zote walimjia kwa kisomo, wengine kwa kupitia uani. Emilian alipomwamkia, "Shikamoo, bibi," aliitikia marahaba na kunyoosha mkono. "Kaa hapo hapo. Unanuka tope."

Alisikiliza yote. Aliuliza maswali mengi ya pariti kuliko mteja yeyote, mpaka Emilian akarudia mfano wa watoto wanne.

"Sikumwita mtu, bibi," alimaliza. "Nilikuwa natania."

"Jina lisilo na mwenyewe," Bi Amne alisema polepole, "na kitu kisicho na jina. Umevikutanisha, tena kwa mkono juu ya utosi. Ulitegemea kifanye nini, kiage kiondoke?" Akafuta mafuta mikononi. "Unasema ukimtoa mmoja, waliobaki wanamrudisha. Basi huyo hakai kwenye diski, mwanangu. Anakaa kwenye hesabu. Ziue zote, siku moja. Usibakishe hata kimoja cha kujumlishia."

"Mle yumo mke wangu, bibi. Mtoto hana kingine cha mama yake. Niruhusu nitoe hata sauti tu. Neno moja."

Kwa mara ya kwanza uso wa Bi Amne ukalegea. "Najua, baba. Pole sana. Lakini neno lenyewe sasa hivi anaambiwa nani?"



Kesho yake saa saba mchana, kwa kuwa ndiyo saa Alute aliyoitiwa, walizitandika diski zote tano juu ya gunia uani kwa Emilian. Ubani ulifuka, Bi Amne akasoma kwa sauti ya chini isiyopumzika, na Emilian akashika drili. Ya kwanza ikatoboka, ya pili ikatoboka. Alipogusa ya tatu, kutoka ndani ya nyumba, kwenye televisheni waliyokwisha kuichomoa, Damari aliita, "Emi." Hakuna mwingine aliyemwita hivyo duniani. Drili ikateleza, akamtazama Bi Amne, na yule mama akatikisa kichwa akiendelea kusoma, machozi yanamtoka na yeye, na Emilian akakandamiza drili kwa uzito wake wote, akisema, "Nisamehe, nisamehe, nisamehe," mpaka chuma kikanyamaza. Vipande walivifukia mbali, pamoja na chumvi ya mawe.

Harufu ikaisha siku hiyo hiyo. Wiki ikapita kwa utulivu. Faith aliuliza video mara mbili, akaambiwa imeharibika, akalia, akanyamaza.

Siku ya nane mchana Emilian alimkuta mama yake akichagua mchele sebuleni, akakaa karibu yake. Alitaka kumkumbuka Damari kwa mdomo, kwa kuwa ndiyo njia iliyobaki. "Mama, siku ya harusi yangu mvua ilinyesha, au ninakosea?"

"Harusi yako ipi?"

"Yangu na Damari, mama."

Bibi Felista akaweka ungo chini. Alimtazama kwa huruma, huruma ya muda mrefu, kana kwamba jambo hili wamelizungumza mara nyingi. "Emilian mwanangu. Tafuta wako, uoe na wewe. Mke wa kaka yako ameshakufa, mwache apumzike."

"Kaka yangu yupi?"

"Unaye mwingine zaidi ya Alute? Wewe ndiye uliyeshika kamera siku ile, hata keki hukuonja."

Alifungua mdomo abishe. Akaitafuta kichwani siku ile, akaipata, safi kabisa: ukumbi, shela, Damari anageuka na kucheka. Aliiona yote kwenye kioo kidogo cha kamera, na bega lilikuwa linamuuma kwa uzito wake. Akatafuta siku ya uchumba, akatafuta siku Faith alipozaliwa, na kote alikuwa amesimama pembeni. Akalikumbuka neno la Bi Amne, usibakishe hata kimoja. Wao watatu ndio walioitazama ile video, yeye, mama na mtoto. Wao ndio waliobaki wa kujumlishia, nao walikuwa wameshapiga hesabu.

Mlango ukasukumwa. Faith aliingia na begi lake la shule, amechangamka kama hajapata kuchangamka tangu msiba. Alimwamkia bibi yake kwanza, kisha akamgeukia Emilian na kumpa heshima yake.

"Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba," mdomo wake ukajibu.

"Baba amenifuata shule," mtoto akasema, akivua viatu. "Yupo hapo nje, anafunga geti."