Mkia Hujibu Mara Moja

Mimi ni fundi viatu, na sikuzaliwa kutishwa na mlima. Nilimwambia mama hivyo hivyo asubuhi ile, naye akajikalia mlangoni kunizibia njia.

"Mlima ulimchukua mdogo wako siku ya kwanza tu. Unataka nibaki mikono mitupu?"

"Nataka kuimaliza njia yake, mama. Siku kumi, nirudi."

Nikamruka.

Mwaka uliopita walirudisha begi lake bila yeye. Viatu havikuonekana. Nilikuwa nimevitia soli mimi mwenyewe, na kisigino cha kushoto kilikuwa na msumari uliokataa kuingia sawasawa. Akikanyaga jiwe, unalia: kri. Nilimwahidi kuurekebisha, sikuurekebisha. Begi hilo hilo ndilo nililobeba.

Tulikuwa wanne. Mbele alitangulia kiongozi, mzee mkavu wa maneno, yule yule aliyemwongoza mdogo wangu. Kisha muuguzi na mumewe, ambaye alibeba sufuria tatu na mto wa kulalia, hadi mkewe akamuuliza kama wanapanda mlima au wanahama nyumba. Nyuma kabisa nilikuwa mimi. Nafasi hiyo niliiomba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya mdogo wangu.

Mtu wa mwisho huitwa mkia. Ukungu ukishuka, kiongozi huita "Mkia?" na mkia hujibu "Nipo!" Ndivyo wanavyojua kwamba hakuna aliyebaki njiani.

"Jibu mara moja," kiongozi aliniambia kwenye geti la mlima, akinikazia mikanda ya begi. "Moja tu. Hata ukisikia nini."

"Nitasikia nini?"

Akaenda zake mbele.

Hadi saa tisa tulitembea juani, tukicheka sufuria zinavyogongana. Saa kumi ukungu ukashuka. Mgongo wa muuguzi ukafifia, kisha ukapotea.

"Mkia?"

"Nipo!"



Kisha, nyuma yangu, karibu kabisa:

"Nipo!"

Ilikuwa sauti ya mdogo wangu.

Mtu yeyote angeita tena, ili kiongozi ajue mkia wa kweli ni upi. Mdomo ulishafunguka. Nikauma ulimi hadi nikaonja damu. Hapo harufu ikanifikia, ya ngozi iliyolowa siku nyingi. Na hatua.

Tap... kri. Tap... kri.

"Dada," ikanong'ona. "Begi zito hilo. Nipe nikusaidie."

Begi likainuka mgongoni. Likawa jepesi, kama mtu amelishika kwa chini. Mkanda wa bega ukaanza kulegea wenyewe, taratibu.

Nilimlilia yule mtoto mwaka mzima. Nilitamani kugeuka, Mungu anajua. Lakini mdogo wangu hakuwahi kuniita dada hata siku moja. Alikuwa na jina lake la kunitania, siri yetu mimi na yeye, na huyu hakulitaja. Hasira ikanipanda, ikaipita hofu.

Nikaukamata mkanda kwa mikono miwili.

"Begi hili halitoki mgongoni kwangu," nikasema bila kugeuka. "Na hivyo viatu ni kazi ya mikono yangu. Vua! Kama unatafuta mtu wa kukuogopa, umekosea duka."

Hatua zikakoma. Begi likanirudia kwa uzito wake wote, nikapiga goti kwenye mawe. Nikainuka, nikatembea.

Kwenye kibanda cha kulala nilimweleza kiongozi. Alivua kofia.

"Mdogo wako alijibu mara mbili," akasema kwa sauti ya chini. "Nilidhani anatania, mtu wa utani yule. Tulipoingia humu, tukasubiri aingie. Hakuingia. Na huko nje mkia bado ulikuwa unajibu... bila mimi kuita. Tulitoka na taa, tukakuta begi tu."

"Mwaka mzima hukusema?"

"Nani angeniamini? Kesho nakurudisha chini."

"Hunirudishi popote, mzee wangu."

Mvua ilinyesha hadi alfajiri. Nilipofungua mlango, viatu vilikuwa kizingitini, vimepangwa vizuri, vikavu kabisa. Nikakigeuza cha kushoto.

Msumari ulikuwa umepigwa, ukaingia sawasawa. Kazi safi. Si yangu.

Kiongozi alinisihi niviache pale pale. Nikavifunga kwenye begi, nikasimama mahali pangu, nyuma kabisa. Hatukufika mbali, ukungu ukatufunika.

"Mkia?"

"Nipo!"

Safari hii hakuna aliyerudia jibu langu. Nilisikia tu miguu mitupu ikikanyaga mawe mabichi, hatua kwa hatua na yangu. Nikakaza mikanda. Pumzi ya baridi ikanigusa shingo.

"Nyundo," ikanong'ona.

Jina lile. Hata mama halijui.

Je, jana nilimfukuza ndugu yangu? Au usiku kucha kitu hicho kilikaa kizingitini, kikitafuta jina la kunifanya nigeuke? Machozi yalinitoka, sikuyafuta. Sikugeuka pia.

"Zimebaki siku tisa," nikasema. "Kama ni wewe, twende nikufikishe. Kama si wewe, twende vilevile. Lakini begi nabeba mimi."