Alama ya Chaki

Kila Ijumaa, kengele ya mwisho ikishalia, ilikuwa zamu ya wasichana kusafisha ukumbi wa shule ya misheni, ile iliyokuwa juu ya barabara ya Kisaki. Mwalimu Benedikto hakuwa na mchezo na vumbi la chaki. Akipitisha kidole kwenye dawati kikatoka cheupe, mwenye zamu alionja fimbo. Kwa hiyo Theresia alipoona mstari mweupe juu ya mashine ya picha iliyoletwa asubuhi na gari la sinema, hakujiuliza mara mbili. Alilowesha kitambaa akaufuta. Kirungu kidogo cha kuongozea mwendo, kilichokuwa chini ya mstari, kikazunguka mkononi mwake.

"Umefanya nini wewe?" aliuliza Paskalia, mwenzake wa zamu. "Hilo si vumbi. Ni alama ya Bwana Stambuli. Hukusikia akisema isiguswe?"

Theresia alikiachia kirungu. Paskalia alimshauri aende akaseme. Lakini fimbo ya Mwalimu Benedikto alikuwa anaijua, na Bwana Stambuli hakuwa anamjua. Alichukua kipande cha chaki ubaoni, akachora mstari mwingine pale alipodhani palikuwa penyewe, na kirungu akakielekeza hapo. Ukiutazama, ungesema ni ule ule.

Bwana Stambuli alikuwa mtu wa Mafiga, mpole, mwenye kofia ya kiua iliyochakaa kwa safari. Sinema yake haikuwa na sauti ndani yake. Picha zilikaa kwenye mashine moja, na sauti zilikaa kwenye utepe katika mashine nyingine. Kazi yake ilikuwa kuzitembeza mashine hizo mbili pamoja. Alikuwa amewaeleza wanafunzi kwamba kila mji una mashine yake ya picha: ya Dar es Salaam ina haraka, ya Dodoma ni mvivu, na hii yake ina tabia zake. Utepe uliopatana na picha huko haukupatana hapa mpaka atafute mwendo kwa kirungu kile. Alikuwa ameutafuta kwa taabu kubwa, akautia alama.

Na hiyo haikuwa sinema ya watu wa mbali. Picha zilipigwa papo hapo mlimani, zaidi ya mwaka nyuma. Ndani yake alikuwemo Anastasia, mama yake Theresia, aliyefariki kwa homa mvua za mwaka uliofuata. Bibi Kristina, mama wa marehemu, aliposikia habari hiyo alijifunga kanga yake ya kanisani, akashuka mlima kwa mkongojo, akaketi benchi la mbele. Alisema hakuja kutazama. Amekuja kusikiliza.

Jioni ile madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Picha ilianza, na Anastasia akatokea akitwanga na jirani yake katika kinu kimoja, michi ikipokezana. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha sauti ikaanza kubaki nyuma, kidogo kidogo, kama mtoto anayevutwa mkono njiani. Mchi ulikwisha kuinuka ndipo ukasikika ukitua. Punde picha ikahamia kwa mbuzi, akafungua kinywa, na sauti ya Anastasia ikatoka humo ikisimulia habari za shamba. Watoto waliangua kicheko. Bibi Kristina alijifunika uso kwa kanga.

Bwana Stambuli alizima mashine. Alitazama alama, akaiona iko mahali pake, akatikisa kichwa. Basi ni utepe, alisema. Joto limeuvuta, na utepe uliovutika hauna dawa. Ofisi ya serikali iliyomtuma ilikwisha kumwagiza: sauti zisipopatana na picha, azifute zote, atie sauti ya karani akihimiza watu wachimbe matuta.

Miaka hiyo ya ukoloni watu wa Uluguru walikuwa wakisukumwa kwa amri na faini wachimbe matuta ya ngazi katika mashamba ya bibi zao. Karani mwenyewe hakuwa amewahi kupanda mlima ule na jembe begani. Ndivyo mambo yalivyopangwa: mwenye shamba afutwe, aliyetumwa asikike. Tusisahau.

Bibi Kristina alifunua uso. "Kwa hiyo mwanangu anafutwa," alisema polepole.

Theresia alisimama. Alimgeukia Bwana Stambuli.

"Utepe ni mzima. Alama ile nimeichora mimi. Ya kwako niliifuta nikidhani ni uchafu, nikaogopa, nikabahatisha."

Mwalimu Benedikto aliinuka, lakini Bwana Stambuli alimwomba kwa mkono asubiri. Alimuuliza Theresia kama anapakumbuka pale pa zamani. Hakupakumbuka. Basi, Bwana Stambuli alisema, tutafute kitu kinachopiga, tukione na kukisikia kwa pamoja.

"Kinu," alisema Theresia.

Utepe na picha vilirudishwa mwanzo. Bibi Kristina, aliyemfundisha Anastasia kutwanga, alipiga kiganja juu ya benchi kila alipousikia mchi. Theresia aliikodolea macho picha. "Mama yuko mbele," alisema, na Bwana Stambuli akapunguza mwendo. "Sasa amechelewa." Akaongeza kidogo. Wakarudia tena, na tena, mpaka mchi wa pichani, mchi wa utepeni na kiganja cha bibi vikatua mahali pamoja, na vikaendelea hivyo bila kuachana.

Ndipo midomo ya Anastasia ikafunguka, na sauti yake ikawa humo humo midomoni. "Shamba hili nimepewa na mama yangu, naye alipewa na mama yake. Nina binti mmoja. Atalima hapa kwa akili yake, si kwa fimbo ya mtu."

Hakuna aliyecheka. Bibi Kristina alimshika Theresia mkono. "Ahsante, mjukuu wangu," alisema. "Nilikuja kusikiliza, nami nimesikia."

Theresia alimshukuru Bwana Stambuli, naye akamshukuru yeye, kwa kuwa kesho yake angeufuta utepe mzima kwa mkono wake mwenyewe. Adhabu haikukosekana. Mwalimu Benedikto alimpa zamu ya ukumbi peke yake mpaka likizo, ila fimbo aliiacha ukutani.

Kabla ya kufunga mizigo, Bwana Stambuli alimpa Theresia chaki achore alama mahali pa kweli. Kisha akasema, na wanafunzi wote wakasikia:

"Kufuta lilikuwa kosa la mkono, binti, na kila mtu ana mkono. Lakini alama ya uongo ni mbaya kuliko kukosa alama. Ningekosa alama, ningetafuta. Nilipoiona yako, nikaiamini, nikataka kumnyamazisha mama yako. Ukiharibu, sema ukiwa bado na cha kuokoa."

Halafu akatoa msumari mfukoni, akakwaruza mstari ule juu ya chuma, usifutike tena.