Mkono wa Rangi Mbili

Jumamosi ile duka la rangi lilifurika. Mafundi wa ujenzi walipigana vikumbo kaunta, kila mmoja anataka ahudumiwe yeye kwanza, na katikati yao alisimama mshonaji wa magauni, mrefu, gauni la kijani limemkaa hasa, mikono ya gauni imeshuka mpaka kwenye vifundo vya mikono na joto lote lile. Wateja wake walimwita Pindo, maana kwa kukunja pindo la gauni hakuwa na mpinzani.

"Ukuta wa chumba changu cha kushonea nautaka rangi hii," alisema, akatoa kipande cha kitambaa.

Mchanganya rangi, kijana mwenye mabega mapana na aproni yenye madoa ya kila aina, hata mashine ya kuchanganyia hakuigusa. Alikitazama kitambaa, akafumba jicho moja, akaanza kudondosha rangi koponi. Wenzake walimwita Kopo. Pindo aliponyoosha mkono alinganishe, mkono wa gauni ukapanda, na chini ya kiwiko likaonekana baka jeupe, refu kama kidole.

"Unatazama kitambaa au unanitazama mimi?"

"Kitambaa nimeshakimaliza, dada. Sasa hivi niko kwenye kazi nyingine."

"Kazi hiyo haina mshahara."

"Basi nipe namba ya simu, nijitolee tu."

Mafundi waliangua kicheko. Pindo alijikaza asicheke, ikamshinda. Namba akatoa.

Na baka lile tuliseme mapema, watu wasije wakazua. Pindo alipokuwa msichana hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini, alijichora tatuu ya jina la mwanamume. Mwanamume akaenda zake, akaoa kwingine, jina likabaki mkononi. Siku moja Pindo akasema basi, akaenda kliniki ya ngozi. Akavalishwa miwani nyeusi, miale ya leza ikapita juu ya wino. Jamani, maumivu! Ni kama mafuta ya moto yanakurukia kutoka kikaangoni, nawe huruhusiwi kuruka pembeni. Malengelenge yakatoka, akangoja yapone, akarudi tena, na tena.

"Wino utatoka," daktari alimwonya, "lakini unaweza kutoka na rangi ya ngozi yako."

Ukatoka nayo kweli. Jina lote likaisha, likaacha weupe. Siku ya mwisho Pindo aliutazama mkono wake akalia kwa furaha, kwa sababu ulikuwa wake tena. Mikono mirefu aliishona baadaye, alipochoshwa na maswali ya watu. Si aibu, alijiambia.

Kopo alisimuliwa yote, na mapenzi yakanoga. Simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe je, au umekunywa rangi?"

Jioni moja Pindo alipiga akiwa amenyong'onyea. Mteja aliyekuwa akipimwa kiuno aliliona baka mkono wa gauni ulipopanda, akarudi nyuma, kana kwamba ataambukizwa kitu. "Natamani tu ngozi ingefanana," Pindo alisema, wakaagana.

Sasa, mtu wa rangi ukimwambia rangi hazifanani, umempa kazi. Ijumaa Kopo aliingia chumba cha kushonea anatabasamu, mkononi ana kichupa. Alikuwa amenunua krimu za vipodozi za kila aina, akazichanganya kwa jicho lake lile lile. Akamshika Pindo mkono, akampaka taratibu. Baka likapotea kabisa.

"Umeona? Hakuna kitu! Jumapili tukienda nyumbani, hata mama hatajua."

Pindo aliuvuta mkono.

"Kumbe ni kwa ajili ya mama yako."

"Mpenzi, si hivyo..."

"Nimetembea na jina la mwanaume mwilini miaka mingi. Nimeungua kulitoa. Leo na wewe umekuja kunipaka? Mimi si ukuta, Kopo. Toka!"

Kopo akatoka. Simu ikaita mpaka ikachoka. Dada yake Pindo, aliyekuwa anakata vitambaa pale pale, akasema, "Pokea, mwenzio asije akapasuka."

"Apasuke."

Siku ya pili yake akapokea.

"Ulisema unatamani ngozi ifanane," Kopo alisema kwa sauti ndogo.

"Nilisema hivyo kwa sababu nilichoka."

"Mimi nikasikia kazi. Nisamehe. Nikiona rangi mbili, mikono inaniwasha."

"Na hilo la 'mama hatajua'?"

"Mama akiona kitu haachi kuuliza. Niliogopa atakuumiza."

"Ungeniuliza kwanza kama naogopa."

"Unaogopa?"

Pindo alikata simu. Jibu alikuwa nalo, na lilimuudhi.

Jumapili asubuhi alijishonea gauni la njano, mikono hakuiweka. Kabla ya ugomvi alikuwa amemwahidi mama yake Kopo kwamba atakuja, na Pindo hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Akaenda peke yake.

Mama yake Kopo, mkunga mstaafu mwenye macho makali, alifungua mlango. Nyuma yake Kopo alisimama na trei, mdomo wazi.

"Karibu, mwanangu. Mkono umefanya nini?"

"Mama, hilo..." Kopo alianza.

"Nyamaza, sijakuuliza wewe."

Pindo aliunyoosha mkono mbele yake. "Palikuwa na jina la mwanamume, mama. Nililiweka kwa ujinga wangu, nikalitoa kwa akili zangu. Ngozi haikurudi rangi yake. Na siifuniki."

Mama aliushika mkono ule, akaugeuza kwenye mwanga, akaukagua kama alivyozoea kukagua watoto wachanga.

"Na huyu wangu, hataki kuandika jina lake hapo?"

"Akijaribu atanikoma."

Mama alicheka mpaka kitambaa cha kichwani kikalegea. "Huyu anakutosha," alimwambia mwanawe, akaelekea jikoni.

Kopo aliweka trei chini. "Kichupa nimekitupa. Naomba nikuulize jambo."

"Uliza."

"Nataka tuoane. Unakubali?"

Pindo alimtazama usoni. "Jana uliniuliza kama naogopa, nikakukatia simu. Ndiyo, naogopa. Watu wamenitazama mkono njia nzima, na bado nikaja. Nimekuja na mkono wangu ulivyo."

"Nauona."

"Basi kama unauona, na swali hili la leo pia jibu ni ndiyo."

"Nimesikia!" mama alipaza sauti kutoka jikoni.