Pokea Simu, Popo Hao

"Mjomba, mpe huyu tangawizi kwanza, mimi nitangoja. Koo lake limekwisha. Kaka, umeadhini misikiti mingapi leo?"

Soko la Chake Chake lilikuwa limefurika asubuhi ile ya Julai, watu wanakanyagana baina ya matenga ya ndizi na mafungu ya muhogo. Haidar aligeuka kumtazama huyo mwenye ulimi. Alikuwa msichana wa buibui jeusi lililopigwa pasi likanyooka, mtandio wa zambarau, na kifuani kakumbatia rundo la madaftari ya wanafunzi. Haidar mwenyewe alivaa kofia ya kiua na jezi ya buluu yenye picha ya mbweha.

"Si adhana, dada," akajibu kwa sauti ya kukwaruza. "Natangaza ligi. Ligi ya Ulaya ya michezo ya kompyuta."

"Wazungu wacheze Ulaya, weye upige kelele Pemba?"

"Kwa Kiswahili, chumbani kwangu Gombani, watu wananisikiliza mtandaoni. Timu mbili, watano kwa watano, kila upande una ngome yake. Ngome ikianguka, basi tena."

"Na hao wachezaji wanakusikia?"

"Hata hawajui kama nipo."

Msichana akacheka mpaka daftari moja likamponyoka. "Maskini we! Mjomba, muongezee tangawizi."

Haidar akaliokota lile daftari, na akilirudisha tayari kaomba namba ya simu. Jina lake Rahila, binti wa Mzee Nyange wa Madungu, mwalimu wa hisabati.

Msimu ulikuwa ndiyo kwanza unaanza, na mapenzi yakaanza nao. Mechi zinachezewa Berlin, timu anayoishabikia Haidar inaitwa Mbweha, na Mbweha wa mwaka ule walikuwa wa kufungwa tu. Kila baada ya mechi simu ya Rahila haikukawia.

"Mmepigwa tena?"

"Ya tano hii, habibti. Usinicheke."

"Sicheki. Nafanya hesabu. Mkiendelea hivi mtashuka mpaka ligi ya kijijini Wambaa."

Jioni ya kipigo cha tano alimrekodia ujumbe, sauti imelainika, na kicheko kidogo mwishoni: "Pole weye! Njoo n'kukande kwa mafuta ya karafuu." Haidar aliusikiliza mara kumi na moja. Naye hakukosa kuacha wake. Magharibi moja alikuwa akitembea peke yake nyuma ya uwanja wa Gombani, popo wakatoka mitini kundi zima, wale wakubwa wa Pemba, akampigia Rahila asipokee, akarekodi huku anakimbia: "Pokea simu basi! Popo hao, juu ya kichwa! Wallahi naogopa popo mie, nataka kulia!"

Rahila alicheka akashikwa na kwikwi. "Siri yako n'nayo, mpenzi. Haitoki."

Wakakubaliana kwamba fainali ikisha, mwezi wa Septemba, Bi Mwanakhamis, shangazi aliyemlea Haidar, atakwenda Madungu kupeleka posa.

Sasa sikiliza alivyoyaharibu. Wiki ya sita simu yake ilikuwa imeungwa na kompyuta, anatangaza. Ngome ya Mbweha ikaanguka, kidole kikateleza, na sauti ya Rahila ikatoka hewani mbele ya wasikilizaji mia tatu. "Pole weye! Njoo n'kukande..." Watu wakapagawa. Wakaandika: Rudia! Rudia!

Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya, nani atamlaumu? Mara ya pili alibonyeza mwenyewe. Aliikata ile sauti vizuri, akaiweka kwenye kitufe kimoja cha kompyuta, ikawa kila ngome ikianguka Ulaya, Rahila anamwita mtu aje akandwe. Wasikilizaji wakawa maelfu: Dar, Mombasa, Maskati. Haidar akajiambia, sikumtaja jina, nani atamjua? Ati nani atamjua! Sauti ya Kipemba tupu, ya mwalimu anayewafundisha watoto wa mji huo huo! Wiki mbili hazikwisha, vijana wa bodaboda wa Chake wakawa wanaambiana hivyo kila gurudumu likipasuka.

Rahila alimpigia saa nne asubuhi, saa ambayo kwa kawaida yuko darasani.

"Haidar, ule ujumbe wangu nilimpa nani?"

"Ujumbe gani, mpenzi?"

"Nilimpa nani?"

Akaelewa. "Mimi."

"Basi darasani umefikaje? Mtoto kakosa hesabu ubaoni, nyuma kule nasikia njoo n'kukande. Nikadhani ananiiga. Haniigi. Ni miye mwenyewe, ndani ya simu!"

"Sikukutaja jina, Rahila."

"Na sauti yangu si jina langu?"

Haidar akakitazama kile kitufe cha kompyuta.

"Baba ameisikia barazani mbele ya wenzake. Hakuniuliza kitu. Tangu jana hali chakula na sisi." Akakata.

Haidar alikifuta kile kitufe siku ile ile, lakini afute nini na sauti imo katika simu za watu? Sokoni akaacha kwenda. Msikitini akawa anaswali safu ya nyuma na kutoka wa mwanzo. Aliona aibu mpaka ya kujitazama kwenye kioo. Akamwandikia Rahila kwamba atamwomba radhi hewani, amsafishe jina. Likaja jawabu fupi: "Ukinitaja hata kwa wema, wasiojua watajua. Niache."

Ijumaa baada ya sala akajikaza, akaenda Madungu. Mzee Nyange alikuwa amekaa kibarazani anachambua karafuu, anavunja vikonyo bila kuinua kichwa.

"Asalaam aleikum, mzee. Mimi ndiye Haidar."

"Waaleikum salaam. Nakujua. Sauti yako nayo naijua."

"Binti yako hana kosa. Alisema na mimi peke yangu. Mimi ndiye niliyemtoa nje."

"Alisema maneno ya mke, na wewe si mume. Hilo n'shalisema naye." Mzee akatupa kikonyo. "Lakini wewe ukayafanya ngoma ya watu."

"Ndiyo, mzee."

"Kwako ilikuwa kicheko. Wewe watu wamekucheka lini, kijana?"

Haidar akaukumbuka ujumbe wake wa popo. Masikio yalimwaka moto.

"Nenda zako, mwanangu," alisema mzee, na upole ule ulimuuma kuliko matusi.

Asubuhi ya fainali Rahila akapiga.

"Nimeambiwa ulikuja."

"Nilikuja. Rahila..." Haidar alikuwa na swali lililomkosesha usingizi siku mbili, nalo likamtoka. "Ile ya popo unayo bado? Utaitoa?"

"Unaogopa?"

"Naogopa."

"Mwenzio sikupata hata nafasi ya kuogopa. Tulia, Haidar. Sitaitoa. Ulinipa miye."

Simu ikakatika. Haidar akakaa kitandani, akalia. Msichana kaaibishwa na mji mzima, na bado kakilinda kiaibu chake yeye cha popo, na yeye jambo la kwanza alilouliza ni usalama wake.

Fainali ilianza alasiri. Mbweha, usiniulize vipi, walikuwa wamejikongoja mpaka huko, na wasikilizaji walifika elfu tisa. Haidar alitangaza kwa sauti iliyokauka. Ngome ya Mbweha ikatikisika, ikaanguka, na msimu ukaisha hapo. Maandishi yakamiminika: Sauti! Tupe sauti! Bibie yuko wapi?

Akaiunga simu yake na kompyuta. Akabonyeza.

"Pokea simu basi! Popo hao, juu ya kichwa! Wallahi naogopa popo mie, nataka kulia!"

"Huyo ni mimi," akasema Haidar. "Nina miaka ishirini na saba. Ile nyingine haikuwa yangu kuitoa. Hii ndiyo yangu. Chekeni."

Walicheka, yakhe! Kesho yake, hata kabla hajafika sokoni, watoto wanampungia mikono kama mbawa. Wa bodaboda wakampa jina, Popo, na mpaka muuza tangawizi alimuuliza kama ataweza kurudi nyumbani peke yake. Haidar uso ulimwiva kila mara, lakini hakukimbia. Akanunua tangawizi yake, akaenda zake taratibu. Wiki moja baadaye habari ya kukandwa hakuna aliyekuwa nayo tena.

Alhamisi simu ikalia.

"Leo mtoto kakosa hesabu ubaoni," alisema Rahila bila salamu. "Nyuma kule mwenzake akasema, naogopa popo mie. Nikataka kumgombeza. Nikacheka mpaka chaki ikaniponyoka."

Haidar akaibana simu sikioni.

"Bado nina hasira na weye."

"Najua."

"Nyingi."

"Najua, Rahila. Nitangoja."

"Subiri, baba ananiita." Haidar akasikia sauti nzito ya mzee kwa mbali, maneno hayakamatiki, kisha Rahila akarudi, anavuta pumzi, kicheko au kilio, haijulikani.

"Anasema Bi Mwanakhamis akija atapokewa. Na weye ufuatane naye."

"Lini? Leo magharibi?"

"Hapana. Kasema nikwambie uje mchana, popo wa Madungu wakiwa wamelala."