Skrini Mpya ya Mzee Picha

Ndugu zangu, kisa hiki sikuhadithiwa. Chumba ninachoshonea nguo na chumba cha kazi cha Mzee Picha vimetenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, kiasi kwamba akipiga chafya yeye, mimi namtakia afya.

Ilikuwa nyumba yenye raha zake. Mzee Picha alikuwa akisafisha picha za zamani kwenye kompyuta. Watu walimletea picha zilizokunjika na kuliwa na unyevu, naye aliondoa doa moja baada ya jingine mpaka marehemu wa mtu akarudi na tabasamu lake. Binti yake alipokea wateja. Saa nne mkewe alileta chai, akaiweka mkono wa kushoto wa kompyuta, na mimi, shemeji wa Mzee Picha, nilijikaribisha bila kuitwa.

Asubuhi moja kikombe kikaanguka. Kesho yake kikaanguka tena.

"Nani kaweka kikombe hapa?"

"Kinakaa hapo mwaka wa kumi na nne huu," mkewe akamjibu.

Tukacheka. Wiki ileile aliigonga sanamu yangu ya kuvishia nguo, iliyosimama mlangoni siku zote, akaiomba radhi akidhani ni mteja. Tukacheka tena. Nasema ukweli, mwaka ule tulicheka sana.

Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa mkewe. "Baba watoto, twende hospitali ukapimwe macho."

"Macho yangu hayana neno. Skrini hii ndiyo imechoka, imefifia pembeni."

"Na skrini ndiyo inayokugonganisha na milango?"

Akasema kwa sauti ya chini, ila ukuta wetu mnaujua: "Ikisikika kwamba macho yangu mabovu, nani ataniletea picha ya mama yake?"

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Mtu mzima yule aliogopa kupimwa kuliko alivyoogopa kupofuka.

Tukaenda dukani kununua skrini mpya, yeye, binti yake na mimi. Muuzaji akawasha skrini mbili za inchi ishirini na saba, zimekaa sambamba, zote zikionyesha picha ileile ya marobota ya vitambaa. Akatueleza kwamba picha ya kwenye skrini huundwa kwa nukta ndogo ndogo, na kwamba skrini ya pili ilikuwa na nukta mara nne ya zile za mwenzake. Kwenye ile ya pili niliweza kuhesabu nyuzi za kitambaa nikiwa bado nimesimama mlangoni.

Mzee Picha akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akarudi nyuma. Akageuza shingo huku na huku. Muuzaji alipoinama kuchukua waya, akamnong'oneza binti yake, "Ipi ndiyo kali?"

Binti akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Ya kulia, baba."

"Nipe ya kulia," akamwambia muuzaji kwa sauti kubwa. "Mtu wa kazi huijua mara moja."

Muuzaji hakuwa mjinga. "Mzee, usinielewe vibaya. Nukta zikizidi, maandishi huzidi kuwa madogo. Kama macho yanasumbua, kapime kwanza. Skrini utaikuta hapahapa."

"Kwani wewe unauza skrini au dawa?"

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia muuzaji awe na adabu kwa mteja.

Skrini ikafika nyumbani, maandishi yakawa madogo kama ufuta. Mzee Picha akavuta kiti karibu, na kadiri alivyosogea ndivyo upande wa kushoto ulivyozidi kumpotea. Kila aliyeingia alisomewa sifa za skrini ile. Mkewe alikuwa akiweka chai na kutoka bila neno.

Mwezi wa pili akaja mwalimu mstaafu na picha yake ya utotoni, ya wasichana waliosimama mbele ya ukuta, ukingo wake wa kushoto umejaa madoa. Alitaka isafishwe na ikuzwe, aitundike sebuleni. Hakusema wako wangapi. Nani humhesabia fundi watu waliomo kwenye picha? Binti alikuwa safarini wiki ile, kwa hiyo mzee aliifanya kazi yote mwenyewe.

Siku ya kuichukua, nilisikia karatasi ikikunjuliwa, kisha sauti ya mwalimu.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Yupi, mwalimu? Si mko wawili?"

"Tuko watatu. Ameshafariki, na picha yake ni hiyo moja tu."

Nikaingia. Mzee Picha alikuwa ameshika picha ya asili. Akaisogeza taratibu upande wa kulia, na msichana wa tatu akamtokea. Alikuwa amesimama palepale penye madoa, kwenye ukingo ambao mzee aliukata na kuutupa. Kwenye ile picha kubwa iliyochapishwa, ulibaki mkono wake tu, juu ya bega la dada yake.

"Nimemkata," akasema. "Sikumwona, mwalimu. Haki ya Mungu, sikumwona."

Akakaa kitini akalia, na mkewe akamfunga viatu tukaenda hospitali.

Daktari alisema ni presha ya macho. Haiumi, inakula pembeni kimyakimya. Jicho la kushoto lilikuwa karibu limekwisha, na la kulia limepoteza upande wa puani. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki. Kilichopotea hakirudi.

"Ningekuja mwaka jana je?" mzee akauliza.

Daktari akamwambia kwamba angekuwa na macho mawili ya kufanyia kazi.

Siku hizi binti ndiye anayekaa mbele ya ile skrini kali, na baba yake kando yake. Kazi ya kwanza ilikuwa kuirudia picha ya mwalimu.

"Wako wangapi?" mzee akauliza kabla haijachapishwa.

"Watatu, baba."

"Hesabu tena."

Funzo

Mwili ukikuambia jambo, usiisingizie mashine. Hakuna skrini, hata ya nukta ngapi, inayoweza kuona kwa niaba yako. Kapimeni macho mapema, hata kama hayaumi, na asiwepo wa kuwaaibisha wanaougua.

Lakini funzo kubwa ni letu sisi tunaokaa karibu. Mkewe alisema. Muuzaji asiyemjua alisema. Shemeji yake nilikuwa pale dukani na macho yangu mawili mazima, nikaliona jambo lote, nikatazama dari.