Picha za Rachida Kwenye Simu ya Kazi

Kila asubuhi Cadija alichukua simu ya kazi, akapita nyumba kwa nyumba pale Quitunda, kwa watu waliohamishwa kupisha mradi wa gesi. Aliwauliza: maji yanatoka? Paa linavuja? Shamba jipya mmepata? Majibu aliyaandika kwenye simu aliyopewa na kampuni iliyomwajiri. Ilikuwa simu nzuri, na Cadija, tuseme kweli, aliringa nayo kidogo.

Jumapili alikwenda kijiji cha Mute kwa dada yake. Rachida, binti wa dada huyo, alikuwa anaolewa Ijumaa. Siku hiyo wanawake walimpaka msiro, ule unga mweupe wa kulainisha ngozi. Shughuli hiyo ni ya wanawake peke yao. Bibi mmoja aliketi mlangoni kuzuia wanaume. Ndani Rachida alikaa kichwa wazi, mabega wazi, anacheka.

"Mama mdogo, nipige picha," alisema. "Nataka nijione."

"Zitakaa kwangu tu," Cadija alimwambia, akapiga tatu. "Simu ina senha, neno la siri la kuifungulia, na senha naijua mimi peke yangu."

Bibi aliwazuia wanaume wote wa Mute. Simu hakuna aliyeizuia.

Jumatatu ofisini, mkuu wake, senhor Arsénio, alimuuliza, "Cadija, jana ulikuwa Mute? Kuna sherehe huko?"

Cadija hakuwa amemwambia mtu. "Nani kakwambia, chefe?"

"Simu yako. Naiona kwenye ramani," alijibu, akaenda zake kunywa chai, hana hili wala lile.

Cadija aliiweka simu mezani. Kama ameiona Mute, ameona na nini kingine? Alimfikiria Rachida, mabega wazi, mbele ya macho ya wanaume. Picha moja tu ikitoka, ndoa itavunjika kabla haijafungwa, na dada yake hatamsamehe maisha. Aliogopa hata kuishika ile simu.

Simu za ofisi zilitunzwa na dona Débora, fundi kutoka Beira, aliyejifunza Kiswahili sokoni Palma. Cadija alimfuata, akafunga mlango, akamweleza yote.

"Senha inamzuia mwizi," Débora alisema polepole. "Kampuni haiizuii. Simu hii ni yao. Wanaweza kuona iko wapi na programu gani zimo. Wakitaka, wanafuta vyote vilivyomo wakiwa mbali."

"Na picha?"

"Hapo ndipo pabaya. Simu hizi zimepangwa hivi: zikishika mtandao wa ofisi, picha zinanakiliwa kwenye hifadhi ya kampuni."

Cadija alikaa kitako sakafuni. Simu yake ilikuwa imeshika mtandao wa ofisi tangu asubuhi.

Débora alifungua kompyuta. Alipitia picha zilizoingia siku hiyo. "Zimeingia tatu," alisema mwishowe. "Hifadhi hii tunaifungua mimi na mkuu wa ofisi ya mjini Pemba tu. Yeye bado hajaifungua. Lakini mimi nimeziona, Cadija. Sikufichi."

Alizifuta hapo hapo, kwenye hifadhi na kwenye simu. Akafuta na kwenye pipa la simu, maana picha ikifutwa hukaa humo kwanza.

"Sasa nifanyeje?" Cadija aliuliza.

"Simu ya kazi iwe ya kazi tu. Mambo ya nyumbani yaweke kwenye simu yako. Wakitaka kuweka programu za kazi kwenye simu yako, uliza kwanza: mtaona nini? Inawezekana kutenga sehemu ya kazi peke yake. Picha na ujumbe vilivyo nje ya sehemu hiyo hawavioni. Na kukufuata kwenye ramani Jumapili si haki. Uliza mkutanoni. Nitakuwa upande wako."

Alasiri Cadija alirudi Mute. Kumwambia Rachida kulimtisha kuliko yote, lakini alimwambia.

"Nani ameniona?" Rachida aliuliza.

"Mwanamke mmoja. Fundi wa ofisini."

Rachida alimgeuzia mgongo. Aliingia chumbani, akajifungia.

Jumatano mkutanoni Cadija alijikaza, akasimama. "Chefe, simu hizi zinaona nini? Na tukishatoka kazini, je?"

Arsénio alimgeukia Débora, akapata majibu pamoja na wengine. Kumbe naye hakujua habari ya picha, na simu yake ilijaa picha za wanawe. Tangu siku hiyo ramani huzimwa saa za kazi zikiisha. Picha hazinakiliwi tena zenyewe. Na kila mfanyakazi mpya huelezwa, kwa lugha anayoielewa, kampuni itaona nini, kabla hajapewa simu.

Ijumaa Cadija aliiacha simu ya kazi ofisini, akaenda harusini pamoja na Débora. Mlangoni kwa wanawake Débora alisita, mtandio unamteleza. Bibi alinyoosha mkono kumzuia.

"Nani huyu?"

"Ndiye fundi," Cadija alisema.

Wanawake wote waligeuka. Rachida, bibi harusi, alimtazama yule mgeni kuanzia juu hadi chini.

"Mwacheni apite," alisema. "Huyo amekwisha kuniona."

Akasogea, akampa nafasi mkekani.