Zamu Iliyobaki kwenye Diski

Msimu wa korosho ukishachanganya, soko kuu la Mtwara halipitiki. Yustina alipenya hivyo hivyo, gauni lake la kitenge cha bluu limemganda mgongoni kwa joto, kitambulisho cha bandarini bado kinaning'inia shingoni. Alikuwa anatafuta kitu kimoja tu, na kwa Mzee Kassimu, muuza vitu vilivyokwisha kutumika, alikiona: TV ndogo ya chogo, imebanwa kati ya feni na cherehani. Akaiwekea mkono upesi.

Mkono mwingine ulikuwa umeshatua upande wa pili.

"Samahani dada, hii nimeiona mimi kwanza."

"Kuona kila mtu anaona, kaka yangu. Mimi nimeishika."

"Na mimi nimeishika."

"Wewe umeshika chogo, mimi nimeshika kioo. Sasa hapo nani mwenye TV?"

Mzee Kassimu alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Jamani! Linapigwa vumbi hapa tangu masika, hakuna hata wa kuliuliza hali. Leo linagombewa kama mwali!"

Yule mwanamume naye akacheka. Alikuwa mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi likanyooka, kalamu mbili mfukoni. "Lakini dada, TV bapa zimejaa mjini. Hili dude la nini?"

Yustina alisita. Hakuwa na kawaida ya kueleza mambo ya kwao sokoni. "Nina kompyuta ya marehemu baba. Zile za zamani, kibodi na mashine ni kitu kimoja, unachomeka kwenye TV. Kwenye hizi mpya haionyeshi kitu, michirizi tu."

Mwanamume akauondoa mkono wake taratibu, kama mtu aliyegundua ameegemea kaburi. "Na diski zake zipo? Zile laini, bapa, kama bahasha?"

"Ipo moja."

"Chukua TV, dada. Mimi nitapata nyingine. Ila niruhusu siku moja nije kuona."

"Kuniona mimi au kuona kompyuta?"

"Nianze na kompyuta," akasema, na macho yakamkimbilia chini.

Huyo ndiye Anold, mwalimu wa fizikia, mtu wa Njombe, aliyepanga nyumba Likombe. Chumba chake kimoja kilijaa kompyuta za enzi hizo, alizoziokota maofisini na kwa watu waliokuwa wakizitupa. Wenzake walimwambia anafuga mizoga. Yeye alisema hazijafa, zimekosa tu wa kuzisemesha.

Walianza na simu. Mwanzo zilikuwa simu za kuulizana nyaya, baadaye nyaya zikasahaulika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nani mpenzi wako?"

"Samahani. Umekula, mwenye TV?"

"Nimekula. Mihogo na pweza. Na wewe?"

"Chai."

"Chai si chakula, Mwalimu. Ndiyo maana shati linakuvaa badala ya wewe kulivaa. Kesho pitia nyumbani Rahaleo, mama atakupikia wali."

Mama yake Yustina alikuwa mjane wa siku nyingi, mwanamke wa maneno machache. Alimpakulia Anold wali, akamtazama anavyokula, akaongeza. Kwa mama yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Siku moja wameketi Ufukoni, upepo unavuta mtandio wa Yustina kumpelekea Anold usoni, ndipo Yustina alipomweleza kilichomo kwenye ile diski.

Baba yake, Gaudensi, alikuwa karani bandarini. Mhandisi mmoja mgeni, mkataba wake ulipokwisha, alimwachia ile kompyuta na mchezo mmoja. Ni mchezo wa watu wawili. Kila mmoja anajenga reli kutoka upande wake wa kioo kwenda ng'ambo, kipande kimoja kwa zamu, huku anamzibia mwenzake njia. Ukishaweka kipande, mashine yenyewe inaandika kwenye diski.

"Umeme ulikuwa wa mgawo," Yustina alisema. "Kwa hiyo baba aliweka utaratibu. Yeye anacheza kipande kimoja asubuhi kabla ya kazi, mimi kimoja jioni nikitoka shule. Siku nzima darasani nawaza, leo amenizibia wapi? Nilikuwa darasa la sita. Siku hiyo nimerudi mbio, nakuta mikeka uani, wanawake wanalia. Moyo, walisema. Alikuwa ameshacheza asubuhi. Zamu ilikuwa yangu."

"Hukucheza."

"Nani angewasha mashine msibani? Baadaye mama akaifunga kwenye boksi. Lakini mpaka leo, Anold, nikikaa kimya nahisi mtu ananingoja. Nataka nicheze ile zamu yangu tu. Basi. Nisimwache baba ananingoja."

Anold aliushika mkono wake, na hakuuachia mpaka waliposimama kuondoka.

Yustina alimpelekea Anold kompyuta, TV na ile diski. Diski ilikuwa na ukungu. Anold aliisafisha kwa pamba na spiriti, siku baada ya siku, akiizungusha kwa ncha ya kidole. Alimweleza Yustina kwenye simu atakachofanya. "Nitaisoma mara moja, nichukue picha yake. Si picha ya kamera. Ni kila kilichomo, kama kilivyo, kinaingia kwenye faili. Hiyo faili naiweka kwenye kadi ndogo kama ya simu yako, halafu nina kidude kinachojifanya mashine ya diski. Kompyuta ya baba haitajua tofauti."

"Sasa kwa nini usichezeshe hapo hapo kwenye kompyuta yako mpya?"

"Inawezekana. Lakini wewe ulicheza na baba kwa vitufe vile, kwenye kioo cha chogo. Nataka urudi pale pale."

"Anold."

"Naam?"

"Hakuna. Nimekuita tu."

Jumamosi asubuhi diski ilisomeka. Ilisomeka hiyo mara moja, kisha utando wake wote ukabanduka kama ngozi ya kitunguu. Picha ilikuwa imeshapatikana. Anold, kwa furaha, akaihamishia faili kwenye kadi. Aliihamisha, hakuinakili. Akachomeka kidude, akawasha kompyuta ya marehemu, TV ikavuma, na taratibu reli mbili zikajitokeza kiooni, nyekundu na kijani, chini yake jina: YUSTINA. Zamu yake.

Na hapo ndipo mtu mwenye akili zake alipofanya kosa. Michezo yote aliyoizoea ukizima husahau; hakukumbuka kwamba huu hujiandika. Akataka kuhakikisha vitufe vinaitika kabla hajamwita mwenyewe. Akabonyeza. Kipande cha kijani kikakaa. Taa ya kidude ikawaka mara moja, kama jicho linalopepesa, na jina kiooni likabadilika: BABA.

Alizima. Akawasha. BABA. Akakimbilia kwenye kompyuta yake mpya kutafuta faili, akakumbuka hakuiacha kule.

Alipompigia Yustina, sauti haikuwa yake. "Njoo. Ila kabla hujaja nikuambie. Nimecheza zamu yako."

"Umesema?"

"Nilikuwa najaribu vitufe. Imejiandika. Haiwezi kurudi, nimejaribu kila njia."

Kwenye simu akasikia Yustina anafunga mlango.

"Yustina, mpenzi wangu..."

"Kitu kimoja," alisema Yustina, taratibu kabisa. "Katika dunia nzima nilikuomba kitu kimoja. Sikukuomba pete. Sikukuomba nyumba. Ukaniwekea mkono wako pale ambapo sijathubutu kuweka wangu."

"Naomba unisamehe."

"Usinipigie tena, Mwalimu."

Lile neno Mwalimu lilimuuma Anold kuliko mengine yote. Alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Alikwenda mpaka mlangoni Rahaleo, mama akamkaribisha kiti, lakini Yustina hakutoka chumbani.

Bandarini, Yustina alikosea hesabu za makontena mpaka rafiki yake Nasra akamwondoa kwenye meza. "Wewe shoga, nenda nyumbani. Huyo mwanamume amekufanya nini? Ana mke?"

"Afadhali angekuwa na mke."

"Hebu toka hapa! Unasema hivyo, na Mungu anakusikia!"

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya Misa, Yustina alikaa uani kumsaidia mama kupepeta mchele. Mama alipoweka ungo chini ndipo aliposema.

"Uliona kwa macho yako alivyocheza zamu yako?"

"Hapana. Alinipigia akaniambia."

"Alikuambia mwenyewe, unasema."

"Ndiyo, mama."

"Angenyamaza, ungejuaje?"

"Ningeona jina la baba kiooni badala ya langu."

Mama akatazama mchele. "Mimi mchezo wenu siujui. Niliwaona tu. Baba yako akicheza, linakuja jina lako. Ukicheza wewe, linakuja la baba yako. Au nimesahau?"

"Hujasahau."

Mama akaunyanyua ungo, akaingia jikoni.

Yustina alibaki kwenye kigoda. Ikamjia polepole, kama maji yanavyopanda kwenye mikoko. Kitufe kimoja zaidi. Anold angebonyeza mara moja tu upande wa baba, popote pale, jina la Yustina lingerudi kiooni. Yeye Yustina angeitwa, angekuja, angelia, angecheza zamu yake kwa furaha. Na hadi kufa kwake angeamini lile pigo la mwisho ni la baba, kumbe ni la mwalimu wa fizikia. Hakuna mtu chini ya jua ambaye angejua. Na Anold, mtu anayezielewa mashine hizi kama kiganja chake, ni lazima alilifikiria hilo. Alikaa pale mbele ya kioo, na kidole chake, na kitufe, akachagua kupiga simu.

Alijifunga kitenge, akaenda Likombe na makapi ya mchele miguuni.

Anold alifungua mlango. Alikuwa amekonda, na shati, kwa mara ya kwanza, halikupigwa pasi.

"Umekula?" Yustina aliuliza.

"Chai."

"Sogea nipite."

Kompyuta ilikuwa pale pale mezani, imefunikwa khanga safi. Yustina akaifunua. "Upande wa baba umegusa?"

"Sijagusa. Sitagusa."

"Ulifikiria?"

Anold akainamisha kichwa. "Nilifikiria. Mpaka kidole kilishafika."

"Washa."

Reli zikaja. Yustina alisogea hadi pua yake ikakaribia kioo, akafuata kwa kidole mstari mwekundu wa baba yake, kipande kwa kipande, hadi cha mwisho, kile cha asubuhi ile. Kilikuwa kimekaa mbele ya njia yake, kimeiziba barabara, hakuna pa kupenya.

Alicheka, na kicheko kikavunjika katikati. "Mwone! Hakunihurumia hata kidogo. Miaka yote nimedhani aliniachia njia. Mzee huyu alikuwa ananifunga!" Machozi yalimtiririka, akayaacha. Anold alisimama nyuma yake, hakujua kama anaruhusiwa kumgusa, mpaka Yustina alipomvuta mkono akauweka begani.

"Ifanyweje ili irudi kwako?" aliuliza Anold. "Mama anaweza kucheza ya baba. Au wewe mwenyewe."

"Hakuna wa kucheza ya baba." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nimeibeba zamu hii tangu utoto, Anold. Kila siku ya Mungu ni mimi ninayengojwa. Sasa angalia jina. Si mimi tena. Sasa ni yeye, na yeye amepumzika. Iache hivyo."

"Na mimi?"

"Wewe umekosea, ukasema. Nyumba yenye mtu kama huyo naweza kulala usingizi ndani yake."

"Yustina, nataka nije kwenu. Si kula wali. Nije na wazee."

Yustina alinyoosha mkono, akazima kompyuta mwenyewe, kisha TV. Picha ikajikunja ikawa nukta nyeupe katikati ya kioo, ikang'ang'ania kidogo, ikapotea.

"Mshenga aje Jumapili baada ya Misa," alisema. "Na awe mtu wa maneno machache. Mama hapendi kelele."